Sheria ya Mkopo na Mdaiwa Asiye na Kitu

Watu wa pwani na wa bara ya Afrika ya Mashariki wamekopa na kukopeshana tangu zama za majahazi, wala hapana jamii iliyopata kufanya biashara bila ya deni. Lakini haijapata kutokea kabla ya zama zetu hizi kwamba mtu aliyelala kitandani mwake usiku wa manane, bila ya mdhamini, bila ya rahani, na bila ya kuulizwa atalipa kutoka pato gani, aweze kukopa fedha kwa dakika mbili na kuamka asubuhi akiwa mdaiwa wa watu watatu asiowajua kwa sura wala kwa makazi. Badiliko hilo lilianzia Kenya. M-Pesa ilifunguliwa Machi 2007 kuwa njia ya kutumiana fedha tu. Novemba 2012 ikafuata M-Shwari, iliyoanzishwa kwa ushirika wa Safaricom na Commercial Bank of Africa, ambayo kwayo mwenye simu aliweza kuweka akiba na kukopa. Na Januari 2019 ikaja Fuliza, inayomkopesha mtu pale pale anapotaka kulipa na salio lake halitoshi. Baina ya hizo zikazuka programu nyingi za makampuni yasiyokuwa mabenki, ambazo kwa miaka kadhaa hazikuwa na msimamizi, na desturi hiyo ikavuka mpaka ikaingia Tanzania, ambako ilikuta ndugu yake mkubwa, yaani ule mkopo wa mtaani ambao watu wenyewe wameuita kausha damu.

Serikali zetu zimelishughulikia jambo hili kwa juhudi isiyo haba, na mengi yaliyofanywa yastahili kusifiwa. Lakini juhudi hiyo karibu yote imeelekezwa kwa mkopeshaji, awe na leseni gani, atoze kiasi gani, aseme maneno gani, na ni akali tu iliyoelekezwa kwenye swali ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote: mtu aliyekwisha kushindwa, ambaye hana shamba la kunadiwa wala mshahara wa kukatwa, sheria inamwambia nini? Nimejaribu kulifuata swali hilo katika sheria za Kenya na za Tanzania, na jibu nililolipata ni kwamba mwenye deni kubwa amefikiriwa, na mwenye deni dogo amesahauliwa.

Tuitazame kwanza bei, kwa kuwa ndiyo iliyopigiwa kelele nyingi. M-Shwari ilipoanza ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na kiasi hicho hakikuitwa riba, kiliitwa ada. Aliyekopa shilingi 10,000 alirudisha 10,750, jambo ambalo kwa mtu mwenye dharura ya siku moja, kama vile mgonjwa wa kupelekwa hospitali, si ghali hata kidogo. Lakini yule aliyezikopa tena kila mwezi kwa mwaka mzima, kama wafanyavyo wachuuzi wengi ambao mtaji wao wote ni mkopo, alitoa shilingi 9,000 kwa ajili ya kuzitumia zile zile 10,000, na mwaka ulipokwisha bado alikuwa akidaiwa asili yake. Bunge la Kenya lilipopitisha sheria ya 2016 kwamba benki isitoze riba ipitayo asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, ada hiyo iliendelea kutozwa kwa hoja kwamba ada si riba. Na mabenki, yalipoona kwamba mkopo wa mtu mdogo hauna faida tena, yakapendelea kuikopesha serikali, na wale wachuuzi waliokusudiwa kuokolewa wakakimbilia programu ambazo sheria ile haikuzigusa, maana ilikuwa ikisema na mabenki peke yao. Machi 2019 Mahakama Kuu ilikiona kifungu kile kuwa kinyume cha Katiba kwa utata wa maneno yake, ikalipa Bunge muda wa mwaka mmoja wa kukirekebisha, na Novemba ya mwaka ule ule kikafutwa.

Ipo kanuni nyingine ambayo naiona ya hekima zaidi, nayo haisemwi sana. Tangu 2007 sheria ya mabenki ya Kenya inamkataza mdai kukusanya riba inayozidi asili ya deni kama ilivyokuwa siku mkopo ulipoharibika: ikiwa siku hiyo zilibaki shilingi 50,000, riba itasimama ikifika 50,000 nyingine, na baada ya hapo hata miaka kumi ikipita haiongezeki. Kanuni hiyo haimnyimi mkopeshaji faida yake. Inamzuia tu kulitunza deni bovu kwa makusudi ili lizae kuliko lilivyostahili. Kasoro yake ni ile ile ya kikomo cha 2016, kwamba iliandikwa kwa ajili ya mabenki, na wakati programu zilipoenea mdaiwa wao hakuwa na ngao hiyo.

Tanzania ilishika njia ya kuwapanga wakopeshaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewagawa katika madaraja manne, kuanzia mabenki yanayopokea amana hadi vikundi vya kijamii kama VICOBA, na mkopeshaji asiyepokea amana, awe kampuni au mtu binafsi, yumo daraja la pili, ambalo kikomo chake cha riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani asilimia 42 kwa mwaka. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kwa njia ya simu, na Novemba ya mwaka huo ikatangaza programu 69 zilizokuwa zikifanya kazi bila ya leseni. Hizo ni hatua njema. Hata hivyo kausha damu yenyewe haikai katika programu wala katika orodha ya mtu yeyote. Mwalimu wa shule ya msingi humwendea mkopeshaji na kadi yake ya benki, akaiacha huko pamoja na namba ya siri. Mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye anayekwenda mashineni, akachukua chake kwanza na kumpa mwenye mshahara kilichosalia, na kwa kuwa kilichosalia aghalabu hakifiki hata nusu ya mwezi, mwalimu hukopa tena kwa mtu huyo huyo siku hiyo hiyo. Mama muuza vitumbua hana kadi ya kuacha: yeye hutia saini karatasi inayotaja godoro, runinga, jiko la gesi na kabati la vyombo, na akikosa marejesho ya wiki moja wakusanyaji hufika na guta, mchana, majirani wakitazama, bila ya amri ya mahakama wala dalali mwenye kibali. Kama yumo katika kikundi, wenzake watamlipia wiki hiyo, na kuanzia hapo anadaiwa na mkopeshaji pamoja na rafiki zake.

Fedheha hiyo ya mchana ndiyo siri ya biashara yote hii, ya simu na ya mtaani. Mkopeshaji asiye na rahani ya mali huitia rahani heshima ya mtu, akijua kwamba katika jamii zetu mtu atauza chochote kabla hajakubali mkwewe ajue kwamba anadaiwa. Na kwa hiyo programu za kwanza zilikuwa zikisoma majina yote yaliyomo katika simu ya mkopaji siku anapojisajili, ili siku akichelewa ujumbe upelekwe kwa mwajiri wake, kwa kaka yake, kwa jirani, na kwa watu ambao hawakupata kuulizwa kama wanataka kuwa wadhamini. Kenya ililikabili jambo hili kwa sheria iliyoanza kutumika Desemba 2021 na kanuni za Machi 2022, zilizowalazimisha wakopeshaji wa kidijitali kuchukua leseni ya Benki Kuu, na kuwakataza kutisha, kutukana, kutangaza habari za mdaiwa hadharani, au kuwapigia simu watu waliomo katika orodha yake kwa kusudi la kumwaibisha. Waliopata leseni Septemba 2022 walikuwa kumi tu. Leo wamekwisha kupita mia moja. Kamishna wa Ulinzi wa Data naye, kwa nguvu ya sheria ya 2019, mnamo Septemba 2023 aliitoza kampuni moja yenye programu mbili za mikopo faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa kuwasumbua watu ambao namba zao zilichukuliwa katika simu za wengine. Katika yote yaliyofanywa kwa miaka hii, naliona hili kuwa bora kabisa, kwa sababu limemrudishia mdaiwa utu wake hata kabla ya kumpunguzia deni.

Kumbukumbu za mikopo ni habari ya namna nyingine. Mkenya aliyeandikwa katika ofisi ya kumbukumbu hizo, CRB, kwa deni baya hubaki na doa hilo miaka mitano hata baada ya kulipa, na kabla ya kanuni za 2020 kuweka kima cha chini cha shilingi 1,000, watu waliandikwa kwa deni la shilingi mia mbili tatu. Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwasafisha wakopaji wa simu wapatao milioni 4.2, ambao mikopo yao iliyoharibika ilikadiriwa kufika shilingi bilioni 30: mabenki yasamehe angalau nusu ya deni, na mdaiwa alipe iliyobaki hadi mwisho wa Mei 2023. Nawaomba wasomaji waupime vema mpango huo. Ulikuwa ni msamaha wa madeni, tena mkubwa, uliotolewa bila ya jina hilo, na wenye mabenki waliukubali. Basi hoja kwamba deni dogo haliwezi kusamehewa bila ya kuiangusha biashara ya fedha ilikwisha kujibiwa na wakopeshaji wenyewe. Lakini msamaha uliotegemea tangazo la mara moja si haki. Aliyeshindwa mwezi mmoja baada ya mlango kufungwa hakupata kitu.

Na huyo aliyekosa tangazo aweza, kwa sheria, kufungwa gerezani. Uingereza ilikifuta kifungo cha deni, isipokuwa kwa mambo machache, kwa sheria ya 1869; lakini kanuni za mashauri ya madai zilizoletwa kwetu zilitoka katika sheria ya India ya 1908, iliyokibakisha, na kwa njia hiyo kikaingia Kenya na Tanganyika na kuendelea hata baada ya uhuru. Mshinda tuzo, yaani mdai aliyeshinda kesi, anaweza kuiomba mahakama imtie mdaiwa gerezani awe mfungwa wa madai kwa muda usiozidi miezi sita. Anayetoa fedha za chakula chake huko ni mdai mwenyewe. Na mdaiwa akitoka, deni linabaki vile vile. Ni vigumu kupata mpango usiomfaa yeyote kuliko huu, ambao mmoja anapoteza kazi yake na mwingine anaongeza gharama juu ya hasara. Kenya ilijiunga 1972, na Tanzania 1976, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza ahadi ya mapatano. Mwaka 2010, Katiba mpya ya Kenya ilipokuwa bado changa, Jaji Martha Koome aliamua kwamba kifungo hicho hakipatani na mkataba huo. Mwaka 2012 Jaji David Majanja akaona kwamba sheria yenyewe haikubatilika, ila mahakama ishurutike kumsikiliza mdaiwa kwanza na kuridhika kwamba anao uwezo na anakataa kwa ukaidi. Tofauti ya asiyeweza na asiyetaka ndiyo shina la mas'ala yote, na mahali ambapo shauri la deni huendeshwa kwa haraka, na mdaiwa hana wakili, tofauti hiyo hupotea upesi.

Pwani yetu iliijua tofauti hiyo zamani sana. Katika fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao huu, kadhi humzuia muflisi kutumia mali yake, akaiuza na kuwagawia wadai kwa kadiri ya haki zao, akimwachia mavazi na mambo ya lazima. Na ikithibiti kwamba mtu hana kitu, hafungwi wala hafuatwifuatwi, bali hupewa muhula mpaka apate wasaa, kama inavyoamrisha aya ya 280 ya Surat al-Baqara, na zaka nayo ina fungu lake kwa wadeni. Muhula huo, hata hivyo, haufuti deni, na historia ya Unguja inaonyesha mwisho wa njia hiyo. Wenye mashamba ya mikarafuu walikuwa wakiyauza kwa bei ya khiyari, yaani mnunuzi atoe fedha, muuzaji abaki shambani akilipa kodi na awe na hiari ya kulikomboa shamba, na kwa namna hiyo faida ya mkopo ilipita kwa jina la kodi. Bei ya karafuu ilipoanguka katika mdororo wa dunia wa miaka ya 1930, serikali ya Kiingereza, ikiogopa kwamba ardhi yote itahamia kwa wakopeshaji wa Kihindi, ilitoa amri za 1934 za kusimamisha madai kwa muda na kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamishwe. Na 1937, chama cha wakulima wa karafuu kilipopewa ununuzi wote, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma kununua, mpaka suluhu ilipopatikana 1938. Madeni yaliahirishwa, ardhi ikazingirwa, biashara ikavurugika, na kwa miaka iliyofuata ilibidi serikali kulirudia jambo lile lile tena na tena, kwa sababu deni lililoahirishwa lilikuwa bado ni deni.

Tuje sasa kwenye ufilisi wenyewe. Sheria ya kufilisika ya watu binafsi inayotumika Tanzania Bara hata leo, Sura ya 25, ni ya 1930, iliyofuata sheria ya Uingereza ya 1914, na iliandikwa kwa ajili ya mfanyabiashara mwenye ghala na vitabu vya hesabu: maombi hupelekwa Mahakama Kuu, mali hukabidhiwa msimamizi, na kuachiliwa na deni hakuji kwa kupita muda, shurti muflisi arudi mahakamani kuomba, na mahakama ina hiari ya kumkatalia. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini upo, lakini sijui mama muuza vitumbua ambaye angeweza kuifikia Mahakama Kuu kwa deni la laki tatu, wala sheria haikumkusudia.

Kenya imekwenda mbele zaidi. Sheria ya Ufilisi ya 2015 iliifuta ile ya 1930, na katika sehemu zake za watu binafsi ilichota mengi kutoka sheria ya New Zealand ya 2006. Sasa muflisi huachiliwa kwa kawaida baada ya miaka mitatu, na uko utaratibu wa pekee kwa mtu asiye na mali: anaomba kwa afisa wa serikali anayesimamia mambo ya ufilisi, anaonyesha kwamba hana kitu cha kuuzwa wala uwezo wa kulipa, na miezi kumi na miwili ikipita bila ya udanganyifu kugunduliwa, madeni yake yanafutwa. Ni neema ya mara moja tu katika maisha. Utaratibu huo, hata hivyo, umewekewa mipaka: jumla ya madeni isipungue shilingi 100,000 na isizidi milioni 4. New Zealand iliyouasisi iliweka kima cha chini cha dola 1,000, sehemu ndogo ya mshahara wa mwezi wa mtu wa huko. Ilhali shilingi 100,000 ni mishahara ya miezi kadhaa ya kibarua wa Nairobi. Hivyo mwenye programu tatu zinazomdai jumla ya shilingi 30,000, yule yule aliyetukanwa, aliyeandikwa CRB, na ambaye kwa sheria ya madai aweza kuitiwa gereza, anaambiwa kwamba hajawa maskini wa kutosha kusaidiwa. Angekopa zaidi, angestahili.

Wakopeshaji husema kwamba msamaha utawafundisha watu kukopa bila ya nia ya kulipa, na hofu hiyo haifai kudharauliwa, kwa kuwa wadanganyifu wako. Lakini utaratibu unaotumika mara moja maishani, unaochukua mwaka mzima, na unaomtenga mlaghai, si jambo la kuchezewa na mtu mwenye akili zake. Na upande wa pili wa hesabu hiyo hausemwi: mkopeshaji anayejua kwamba deni laweza kufutwa ataanza kuuliza, kabla ya kutoa fedha, kama mkopaji ana pato la kulipia. Uingereza, ambayo sheria zetu nyingi ni watoto wake, ina tangu 2009 amri ya kuwaondolea deni watu wasio na mali, na Aprili 2024 iliifuta hata ile ada ya pauni 90 iliyokuwa ikitozwa, baada ya kutambua kwamba ni muhali kumtaka mtu alipe ili athibitishe kuwa hana cha kulipa.

Kwa hiyo Bunge la Kenya liondoe kile kima cha shilingi 100,000, na maombi ya wasio na mali yapokelewe katika vituo vya serikali vya Huduma vya kila kaunti, bila ya ada. Bunge la Tanzania liiandike upya Sura ya 25, au angalau liitoe humo sehemu ya mtu mdogo na kuipeleka mahakama za wilaya. Nchi zote mbili zikiondoe kifungo cha madai kwa mtu ambaye haikuthibitishwa kwamba anao uwezo na anauficha. Na mpaka hayo yatendeke, msomaji mwenye deni asilolimudu adai hesabu ya deni lake kwa maandishi, alitafute jina la mkopeshaji katika orodha ya Benki Kuu, asimkabidhi mtu kadi yake wala namba ya siri, asiruhusu chombo chake kuchukuliwa bila ya kuonyeshwa amri ya mahakama, na akiitwa mahakamani aende, maana asiyefika huamuliwa bila ya kusikilizwa.